Baada ya "-ka-": Masimulizi ya Maisha ya Kila Siku Jijini Christchurch Kufuatia Tetemeko la Ardhi la Mwaka 2011

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapokwenda nyanjani kukusanya masimulizi ya mkasa, swali lake la kwanza aghalabu huwa ni hili: "Siku hiyo ilikuwaje?" Swali lenyewe halina ubaya. Hata hivyo, ni swali linalokuja na jibu lililokwisha kukatwa na kushonwa kabla ya msimulizi kufungua kinywa. Msimulizi atataja saa, atataja alipokuwa amesimama, atasema kilichoanguka na aliyemwokoa, kisha atanyamaza, naye mtafiti atazima kinasasauti akiamini kwamba amekwisha kuupata mkasa wote.

Makala haya yanashikilia kwamba huo si mkasa wote, na pengine si hata nusu yake. Tetemeko la ardhi huchukua sekunde chache. Kujenga upya huchukua miaka. Miaka hiyo ina masimulizi yake, yenye umbo lake na sarufi yake, na masimulizi hayo hayaitiki yakiitwa kwa swali la siku moja. Ili kulieleza jambo hili nitautumia mfano wa jiji la Christchurch, katika Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, na kifaa changu cha uchanganuzi kitakuwa viambishi vya njeo na hali vya Kiswahili, hususan "-ka-" na "-ja-".

Huenda msomaji akashangaa. Viambishi vya Kiswahili vina nini na jiji ambalo wakazi wake wengi husema Kiingereza, na ambalo Wamaori waliishi katika eneo lake karne nyingi kabla ya walowezi? Sidai kwamba wakazi wa Christchurch hufikiri kwa viambishi vyetu. Ninachodai ni kwamba kila lugha humpa mtafiti wake jicho, na kwamba Kiswahili kimetupa jicho kali mno la kuitazama hali ya kungoja. Tumezoea kuazima nadharia kutoka ng'ambo na kuzipachika juu ya matini zetu. Safari hii acha tuazimishe.

Siku ya "-ka-"

Christchurch ilipigwa mara mbili. Tetemeko la kwanza, lenye ukubwa wa 7.1, lilitokea tarehe 4 Septemba 2010 saa kumi na dakika thelathini na tano alfajiri, karibu na mji mdogo wa Darfield ulioko magharibi mwa jiji. Watu wengi walikuwa vitandani, majengo ya katikati ya jiji yalikuwa matupu, na hakuna aliyeuawa na majengo yaliyobomoka. Wakazi wakashukuru, wakafagia vioo, wakaanza kukarabati. La pili lilikuja Jumanne, tarehe 22 Februari 2011, saa sita na dakika hamsini na moja mchana. Ukubwa wake ulikuwa mdogo kuliko wa lile la kwanza, kiasi cha 6.2 au 6.3 kutegemea kipimo, lakini kitovu chake kilikuwa karibu sana na jiji, upande wa Lyttelton, na kina chake kilikuwa kifupi. Tena ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Watu 185 walikufa. Kati yao, 115 walifia katika jengo moja tu, lile la kituo cha televisheni cha Canterbury, lililoporomoka na kushika moto. Humo mlikuwa na shule ya lugha, na wengi wa waliofariki walikuwa wanafunzi wa kigeni waliofunga safari kutoka Japani, Uchina na kwingineko ili kujifunza Kiingereza. Sisi tulio katika taaluma ya lugha tunaweza kutua hapo kidogo.

Masimulizi ya saa hiyo yanafuata mkondo unaojulikana. William Labov na Joshua Waletzky, katika makala yao ya mwaka 1967, walionyesha kwamba masimulizi ya mtu kuhusu jambo lililompata huwa na vijenzi maalumu, na Labov akaendelea kuviboresha katika miaka iliyofuata: dokezo la kisa, utambulisho wa mahali na watu, msukosuko wa matukio, tathmini, suluhu, na kauli ya kumrudisha msikilizaji katika wakati uliopo. Uti wa mgongo wa muundo huu ni matukio yanayofuatana kwa namna ambayo ukiyapangua umekibadilisha kisa.

Kwa Kiswahili, uti huo wa mgongo una kiambishi chake. Ni "-ka-". Tuchukue mfano wa kutunga: "Nilikuwa dukani. Ardhi ikatikisika, rafu zikaanguka, nikajitupa chini ya meza, kisha nikasikia kimya." Kila "-ka-" inalishika mkono tendo lililotangulia. Hakuna nafasi ya kuteleza nje. Msikilizaji anavutwa hadi mwisho, na mwisho upo: msimulizi yuko hai, anasimulia. Ndiyo maana vyombo vya habari hupenda masimulizi ya siku yenyewe. Yana mwanzo, yana kilele, na yana mtu aliyenusurika.

Tatizo linaanza tarehe 23 Februari.

Miaka ya "bado"

Asubuhi ya siku iliyofuata, katika mitaa ya mashariki iliyo kando ya Mto Avon, ambao kwa Kimaori huitwa Ōtākaro, watu waliamkia tope. Sehemu kubwa ya Christchurch imejengwa juu ya mchanga laini na maeneo yaliyokuwa ya kinamasi. Ardhi ya namna hiyo, inapotikiswa ikiwa imejaa maji, hupoteza ugumu wake na kugeuka mithili ya uji. Maji hupanda juu yakibeba mchanga, nyumba zikadidimia upande mmoja, mabomba ya maji taka yakapasuka au kuelea. Tope lililozolewa lilikadiriwa kwa mamia ya maelfu ya tani. Maelfu ya wanafunzi wa chuo kikuu, waliojipanga kupitia Facebook tangu tetemeko la Septemba na kujulikana kama Jeshi la Wanafunzi wa Kujitolea, waliingia mitaani na mabeleshi na matoroli. Kiongozi wao, Sam Johnson, alikuwa mwanafunzi kama sisi. Picha zao zilisambaa duniani, na zilistahili.

Lakini picha za kuzoa tope bado ni picha za "-ka-": wakaja, wakazoa, wakaondoka. Kilichobaki baada yao ndicho kigumu kusimulia. Choo hakikufanya kazi kwa miezi katika mitaa mingi. Vyoo vya kuhamishika viliwekwa kando ya barabara, na mtu alivaa koti usiku wa baridi kwenda kungoja zamu yake pamoja na jirani. Maji ya mfereji yalichemshwa kwanza kwa wiki kadhaa. Shule ambazo majengo yake yaliharibika zilipewa hifadhi katika shule nyingine, wenyeji wakisoma asubuhi na wageni mchana, hata watoto wa familia moja wakawa wanapishana mlangoni. Mitetemeko midogo ilizidi 10,000 kwa jumla katika muda huo wote, na miwili mikubwa, ya tarehe 13 Juni na 23 Desemba 2011, ilirudisha tope katika nyua zilizokwisha kusafishwa.

Hapa ndipo "-ja-" inapoingia. Wanasarufi wetu hufundisha tofauti ya "sikula" na "sijala" mapema mno, mwanafunzi akiwa bado mdogo, naye huikariri na kuisahau. Tuirudie. "Sikula" ni habari iliyofungwa: tendo halikufanyika, basi. "Sijala" ina kitu cha ziada, nacho ni matarajio. Anayesema "sijala" ameweka sahani tupu mezani. Tendo halijatimia, lakini linangojwa, na wakati wa kungoja unaendelea hadi sasa hivi anaposema. Kiambishi kimoja kinabeba ukosefu na tumaini kwa pamoja.

Maisha ya mwenye nyumba jijini Christchurch kati ya mwaka 2011 na miaka mingi iliyofuata yangeweza kuandikwa kwa kiambishi hicho pekee. Mkaguzi hajaja. Barua haijafika. Ripoti ya mhandisi haijakubaliwa. Nyumba ya jirani haijabomolewa. Uamuzi kuhusu ardhi haujatolewa. Sentensi hizi hazifuatani kama zile za dukani. Zimekaa pamoja chumba kimoja, zote kwa wakati mmoja, na ukizipangua hakuna kinachobadilika. Kwa kigezo cha Labov hazifikii hadhi ya masimulizi kamwe. Nadhani kasoro ni ya kigezo.

Kwa nini mkaguzi alichelewa hivyo? Ni lazima tueleze mfumo, maana bila mfumo hatuwezi kuelewa matini. Nyuzilandi ilikuwa na tume ya serikali ya bima ya matetemeko, maarufu kwa kifupi chake EQC. Mwenye nyumba aliyekuwa na bima ya kawaida alilipiwa na tume hiyo hasara ya jengo hadi dola 100,000 za nchi hiyo, mbali na kodi. Hasara iliyozidi kiasi hicho ilikuwa mzigo wa kampuni yake ya bima. Kwa hivyo swali la kama nyumba yako iko chini ya kikomo au juu yake liliamua nani atakayeshughulika nawe, na pande mbili zingeweza kutofautiana huku wewe ukiishi katikati na ndoo chini ya dari. Isitoshe, kila tetemeko kubwa lilihesabiwa kuwa tukio linalojitegemea, lenye kikomo chake. Ilibidi hasara igawanywe: sehemu gani ni ya Septemba, sehemu gani ni ya Februari, sehemu gani ni ya Juni?

Tafakari jambo hilo kwa jicho la mwanafasihi. Mtu anasimama mbele ya ukuta wake na anatakiwa kuusimulia. Ufa huu ulianza lini? Ulirefuka lini? Huu mwingine ulikuwapo kabla? Ofisi inamtaka alete mfuatano wa "-ka-" kutoka kwenye ukuta ambao yeye anaishi nao katika "-ja-". Ukuta haukuandika shajara. Naye asipoweza kuusimulia kwa namna inayokubalika katika fomu, hasara yake inasimuliwa na mtu mwingine aliyeitazama nyumba kwa nusu saa.

Sisi tunao msemo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na tunaufundisha kama hekima isiyo na mpaka. Katika mfumo wa bima, ufa ni ushahidi. Anayeuziba kabla haujakaguliwa na kupigwa picha ameidhoofisha hoja yake mwenyewe. Methali haijawa uongo, ila imekutana na mazingira ambamo mwenye busara analazimika kuutazama ufa wake kila asubuhi na kuuacha jinsi ulivyo.

Rangi zilizosemwa

Kipengele kingine chenye utajiri ni msamiati wa rangi. Baada ya tetemeko, wahandisi walibandika vibandiko kwenye majengo: kijani kuonyesha kwamba jengo laweza kutumika, manjano kwamba kuingia kuna masharti, nyekundu kwamba ni marufuku. Katikati ya jiji kukazungushwa uzio uliolindwa na wanajeshi, na eneo hilo likaitwa eneo jekundu. Sehemu ya mwisho ya uzio huo iliondolewa Juni 2013, zaidi ya miaka miwili baadaye, na kufikia wakati huo majengo ya katikati ya jiji yaliyokwisha kuangushwa yalipita 1,000. Kisha, Juni 2011, serikali ikatangaza mgawanyo wa ardhi ya makazi, nao pia kwa rangi: nyekundu, rangi ya chungwa, kijani na nyeupe. Ardhi nyekundu ilikuwa ile ambayo kuitengeneza kungechukua muda mrefu na gharama kubwa mno. Ya rangi ya chungwa ilikuwa ile ambayo uamuzi wake haujafikiwa. Kwa lugha yetu hii, hiyo ni rangi ya "-ja-".

Hivyo maneno "eneo jekundu" yakawa na maana mbili katika jiji moja, moja ya ofisi na maduka, nyingine ya nyumba za watu. Kulikuwa pia na nyumba zenye kibandiko cha kijani zilizosimama juu ya ardhi nyekundu. Nyumba nzima, dari kavu, mlango unafunga, na mwenyewe anaambiwa ahame. Mwanaisimu atasema ni utata wa kimsamiati. Kwa mwenye nyumba, utata ulikuwa wa kulala na kuamka. Baadaye hata ardhi ya kijani iligawanywa tena kwa herufi na tarakimu, TC1, TC2 na TC3, kulingana na msingi uliohitajika, na watu wakaanza kujitambulisha kwa tarakimu hizo kama wengine wanavyojitambulisha kwa ukoo.

Nyumba takriban 8,000 ziliangukia katika ardhi nyekundu ya makazi. Serikali ilijitolea kuzinunua kwa thamani iliyokadiriwa mwaka 2007. Waliokosa bima walipewa ahadi ya nusu tu ya thamani ya ardhi. Baadhi yao wakaenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Upeo ya nchi hiyo ikakosoa jinsi uamuzi huo ulivyofikiwa. Wengi walikubali malipo wakaondoka. Nyumba zikavunjwa, barabara zikabaki kwa muda bila za kuzielekea, na kando ya mto pakawa na mamia ya hekta za nyasi. Miti ya bustani haikung'olewa yote. Mtunda uliopandwa nyuma ya jiko fulani umeendelea kuzaa pahali ambapo jiko halipo.

Ni hapa ndipo pa kutazama jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Msemaji wa Kiswahili huacha lini kusema "hajaja" na kuanza kusema "hakuja"? Hakuna kanuni ya sarufi inayomwamuru. Mambo yenyewe hayajabadilika. Mgeni hayupo, kama alivyokuwa hayupo jana. Kilichobadilika ni msemaji, ambaye ameondoa sahani mezani. Katika jiji linalojengwa upya, kuvuka huko hutokea kimyakimya, katika nyumba moja moja, na kwa tarehe tofauti. Mtu mmoja anasaini karatasi za kuuza wiki ya kwanza. Mwingine, wa nyumba ya tatu kutoka hapo, anashikilia "-ja-" yake miaka mitano. Takwimu zitawaweka wote wawili katika safu moja ya waliouza. Ni masimulizi pekee yanayoweza kuonyesha tofauti yao.

Kanisa kuu la Kianglikana lililo kwenye uwanja wa katikati ya jiji ni mfano wa wazi zaidi. Mnara wake uliporomoka Februari 2011. Mwaka 2012 kanisa liliamua kulibomoa, waliotaka lihifadhiwe wakafungua kesi, na mabishano yakaendelea hadi Septemba 2017 sinodi ilipopiga kura lirejeshwe. Kazi ya kuliimarisha ilianza, kisha mwaka 2024 ikasimamishwa kwa upungufu wa fedha. Wakati huo huo kanisa la muda, ambalo paa lake limebebwa na mabomba makubwa ya karatasi ngumu, kazi ya msanifu Mjapani Shigeru Ban, lilifunguliwa Agosti 2013 mitaa michache kutoka hapo. Kile kilichoitwa cha muda kilimaliza kujengwa. Kile cha kudumu kikabaki katika "bado".

Mazoea na "hu-"

Itakuwa dhuluma kulichora jiji hili kama chumba cha kungojea tu. Watu hawawezi kungoja saa ishirini na nne. Kati ya barua moja na nyingine huzaliwa mazoea, na mazoea kwa Kiswahili yana kiambishi chake, "hu-", kisichojali mtu wala siku.

Oktoba 2011 maduka yalifunguliwa katika mtaa wa Cashel ndani ya makontena ya meli yaliyopakwa rangi za kung'aa, chini ya jina Re:START, na watu wakaanza tena kunywa kahawa mjini. Makontena mengine yalipangwa juu kwa juu kando ya barabara ya kwenda Sumner ili kuzuia mawe yanayoporomoka kutoka magengeni. Kikundi cha Gap Filler kilijipa kazi ya kuvitumia viwanja vilivyoachwa wazi na majengo yaliyobomolewa. Mojawapo ya ubunifu wao ni ukumbi wa dansi usio na kuta, ambapo mtu alitia sarafu katika mashine kuukuu ya kufulia nguo iliyogeuzwa kuwa chombo cha muziki, akacheza mbele ya wapita njia. Koni za barabarani za rangi ya chungwa zilikuwa kila pembe kwa sababu mabomba na barabara zilikuwa zikifukuliwa hadi mwaka 2017. Mwanzoni zilikuwa kero. Kisha, katika maadhimisho ya Februari, watu wakaanza kutia maua ndani ya tundu la juu la koni. Desturi hiyo haikuagizwa na ofisi yoyote niijuayo, na kama ningetakiwa kuonyesha darasani jinsi ishara inavyozaliwa katika jamii, ningeanza na koni hiyo.

Watawala nao waliomba maneno ya watu. Katika kampeni ya mwaka 2011, baraza la jiji lilikusanya mawazo zaidi ya 100,000 kuhusu sura ya mji mpya. Serikali kuu kisha ilichukua usukani na kutoa mpango wake mwaka 2012, na wapo wakazi walioona kwamba sauti zao zilipokewa kisha zikawekwa kando. Maktaba kuu mpya, Tūranga, iliyofunguliwa Oktoba 2018, ni miongoni mwa majengo ambayo wakazi wameyakumbatia.

Kontena la kusimulia

Chuo Kikuu cha Canterbury, kilichomo jijini humo, kilikuwa na wanaisimu, na wanaisimu hao walifanya jambo linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2012 waligeuza kontena kuwa studio ndogo ya kurekodia, wakaliita QuakeBox, na wakalihamisha kutoka mtaa hadi mtaa. Mtu yeyote aliingia, akaketi, akasimulia. Zaidi ya masimulizi 700 yalirekodiwa kwa sauti na picha, si kwa Kiingereza pekee. Miaka kadhaa baadaye watafiti waliwarudia baadhi ya wasimulizi wale wale na kuwarekodi tena.

Naona mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni mwendo: mtafiti alilipeleka sikio mtaani badala ya kuwaita watu ofisini, ambako tayari walikuwa wamechoka kuitwa. La pili, lililo kubwa zaidi, ni kurudi. Mtu yule yule, tetemeko lile lile, na miaka katikati. Msimulizi wa mwanzo aghalabu angali ndani ya mambo. Wa baadaye anajua yalikoishia, na ujuzi huo hurudi nyuma na kubadilisha hata jinsi anavyosimulia dakika ya kwanza. Tukiyapata masimulizi ya aina hiyo kwa Kiswahili, tungeweza kuhesabu ni "-ja-" ngapi zimegeuka kuwa "-me-", ngapi zimegeuka kuwa "-ku-", na ngapi zimebaki zilivyokuwa.

Je, tunaweza kuyapata? Wengi wetu tunachukulia matetemeko kuwa habari za mbali, ilhali tunaishi ukingoni mwa Bonde la Ufa, na Subukia ilitikiswa vikali mwaka 1928. Karibu zaidi kwa wakati ni Bukoba, mji wa Tanzania ulio kando ya Ziwa Viktoria. Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mji huo na wilaya za jirani, likaua zaidi ya watu 15, likajeruhi mamia, na kuacha maelfu ya nyumba zikiwa hazikaliki. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Bukoba si Christchurch: hapakuwa na bima ya kila nyumba wala rangi za ardhi, na familia nyingi zilijenga upya kwa tofali lililopatikana na kwa fedha zilizochangwa na ndugu. "Bado" ya huko ina sura nyingine. Lakini mwanafunzi anayejua Kiswahili anaweza kuketi barazani na mwenye nyumba bila mkalimani, na hiyo ni nafasi ambayo watafiti wengi wa majanga duniani hawanayo. Atahitaji tahadhari, kwani wasimulizi wengi watachanganya Kiswahili na Kihaya, nayo Kihaya ina mfumo wake wa njeo usiopaswa kubanwa katika viambishi vyetu.

Kwa atakayekwenda, nina mapendekezo machache ya kiutendaji. Swali la siku yenyewe liulizwe, tena liulizwe kwanza, kwa sababu msimulizi analitarajia na litamfungua. Likishajibiwa, kinasasauti kisizimwe. Liulizwe la pili: "Ni kitu gani ambacho hakijarudi kama kilivyokuwa?" Na la tatu, kwa upole na baada ya chai: "Ni kipi ulikuwa ukikingoja, ukaacha kukingoja?" Nyamaza baada ya hilo la tatu. Katika kunukuu, usisahihishe viambishi. Anayesema "hawakuja" pahali ulipotazamia "hawajaja" hajakosea.

Na tarehe iandikwe juu ya kila ukurasa wa unukuzi. Kisa cha "-ka-" chaweza kukaa kabatini miaka ishirini bila tarehe na bado kikaeleweka. "Fundi hajaja" haielewiki mpaka tujue ilisemwa lini.